Jua kama Mshiriki wa Kazi: Sanaa ya Bogolani ya Mali na Mabadiliko ya Tabianchi

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi bogolani, yaani nguo ya pamba inayonakshiwa kwa tope nchini Mali, inavyotengenezwa kwa ushirikiano wa watu wengi na kwa msaada wa jua. Hoja ya msingi ni kwamba katika sanaa hii jua ni mshiriki mwenye zamu zake maalumu: hukausha, hupandisha rangi na hupausha. Kwa hiyo athari ya mabadiliko ya tabianchi katika sanaa hii haiwezi kupimwa kwa wingi wa jua, ambalo Mali inalo tele. Inapaswa kupimwa kwa kuvurugika kwa mpango wa misimu unaounganisha jua, maji, tope, miti na mikono ya watu. Makala yanaanza na jina na asili ya sanaa hiyo, yanaeleza hatua za utengenezaji, kisha yanachambua kazi ya jua na ya jamii kabla ya kulijadili suala la tabianchi.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Kenya, mafundi wanaofanyia kazi mahali pa wazi, kando ya barabara na nje ya maduka, huitwa jua kali. Jina hilo limebeba maana ya taabu. Jua ni adha ambayo fundi huivumilia kwa sababu hana paa, na siku atakapopata banda atalikimbia. Mtazamo huu wa jua kama mzigo wa mfanyakazi ni wa kawaida sana, kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa zipo kazi ambazo haziwezi kufanyika pasipo jua. Mvuvi anayekausha dagaa, mkulima anayeanika karafuu na mfinyanzi anayekausha vyungu kabla ya kuvichoma wote hulitegemea. Kwao paa si faraja hata kidogo.

Miongoni mwa kazi za namna hiyo imo sanaa ya nguo ijulikanayo kama bogolani, ambayo asili yake ni kwa Wabamana na majirani zao nchini Mali. Sanaa hii imeandikwa sana na wataalamu. Mwaka 1970 Pascal James Imperato na Marli Shamir walichapisha maelezo ya hatua zake katika jarida la African Arts, na mwaka 2001 Victoria Rovine alitoa kitabu kizima kuhusu nafasi yake katika maisha ya kisasa ya Mali. Aghalabu maelezo ya namna hii huzingatia zaidi nakshi, maana zake na soko lake. Jua hutajwa kwa kupita, kama mahali pa kuanikia tu.

Makala haya yanaliweka jua katikati ya maelezo. Sababu ya kufanya hivyo ni mbili. Kwanza, bila kuielewa kazi ya jua haiwezekani kueleza kwa nini nguo hii ina sura iliyo nayo. Pili, katika zama hizi ambapo joto la dunia linapanda na mvua za Saheli hazitabiriki, swali la kazi ya jua limekuwa swali la uhai wa sanaa yenyewe na wa riziki ya watu wanaoitegemea.

2.0 Jina na Asili

Neno bogolanfini limeundwa kwa viambajengo vitatu vya Kibamana: bogo, yaani udongo au tope, lan, kiambishi kinachoonyesha kitu ambacho kwacho jambo hufanyika, na fini, yaani nguo. Kwa Kiswahili dhana hiyo ingeweza kuelezwa kama 'nguo ya kutiwa tope' au, kwa ufupi, 'nguo ya tope'. Tafsiri hii ya pili ina kasoro, kwani msikilizaji aweza kudhani kwamba nguo imechafuka. Katika Kibamana tope limetajwa kama nyenzo, sawa na vile Kiswahili kinavyosema 'mswaki wa mti' au 'chungu cha udongo'. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia umbo lililotoholewa, bogolani, ambalo linalingana na umbo fupi linalotumika nchini Mali kwenyewe.

Eneo linalotajwa mara nyingi kuwa kitovu cha sanaa hii ni Beledougou, kaskazini mwa mji mkuu wa Bamako. Msanii maarufu wa eneo hilo, Nakunte Diarra wa Kolokani, alijulikana nje ya Mali kupitia maonyesho na maandiko ya miaka ya 1990. Kimapokeo nguo hizi zilivaliwa na watu waliokuwa katika nyakati za hatari au za kuvuka daraja moja la maisha kwenda jingine: wawindaji, wasichana waliotoka kukeketwa, na wanawake waliotoka kujifungua. Iliaminika kwamba nguo ina uwezo wa kumkinga mvaaji dhidi ya nyama. Neno hilo la Kibamana, ambalo halina uhusiano na nyama ya Kiswahili, lina maana ya nguvu ya uhai inayoweza kudhuru pale damu inapomwagika.

Nakshi nazo zina majina na maana. Mojawapo inayoelezwa na watafiti ni ile inayoitwa kiwiko cha kenge, ambayo ni ishara ya bahati njema, kwa kuwa mwindaji aliyepotea huweza kuongozwa na mnyama huyo hadi penye maji. Kwa hiyo, hata kabla ya kufika kwenye suala la tabianchi, nguo yenyewe inazungumzia nchi ambayo ndani yake kuyajua maji yalipo ni suala la kufa na kupona.

3.0 Hatua za Utengenezaji

3.1 Kutoka Pamba hadi Nguo

Katika utaratibu wa kimapokeo, wanawake husokota uzi wa pamba kwa pia, na wanaume hufuma. Kitanda cha mfumi kinachotumika ni chembamba. Hutoa utepe mrefu wenye upana wa sentimita chache tu. Utepe huo hukatwa vipande vilivyo sawa, na vipande hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ipatikane nguo nzima. Nguo hufuliwa ili irudi kabla ya kutiwa rangi, kwa kuwa ikirudi baadaye nakshi zitapotoka.

3.2 Maji ya Majani

Majani ya mti uitwao n'galama (Anogeissus leiocarpa), au ya cangara (Combretum glutinosum), hupondwa na kuchemshwa au kulowekwa. Maji yake huwa na tanini nyingi, yaani ile asili ya ukakasi ipatikanayo pia katika chai na katika magome ya mikoko. Nguo hulowekwa ndani ya maji hayo na kutoka ikiwa ya manjano.

Baada ya hapo nguo hutandazwa chini juani. Hatua hii huonekana nyepesi, lakini ndiyo inayoamua upande wa kuchorewa. Upande unaotazama jua hutoka na manjano iliyokolea kuliko upande wa chini, na ndio upande unaopakwa tope. Sababu yake yaweza kuelezwa kifizikia: maji huvukiza kwa wingi upande wa juu, mengine hupanda kutoka chini kushika nafasi yake, na kila yanapopanda hubeba tanini na kuiacha huko juu. Kwa maneno mengine, jua ndilo linaloipa nguo uso na mgongo.

3.3 Tope

Tope halichotwi popote. Hutolewa katika vidimbwi na mabwawa, mahali ambapo majani yaliyooza yamekaa muda mrefu chini ya maji, na huhifadhiwa ndani ya chungu kwa muda mrefu, hata kufikia mwaka mzima, ili lichachuke. Ndani ya chungu hicho kisicho na hewa ya kutosha, chuma kilichomo katika udongo hubadilika na kuwa katika hali inayoyeyuka kwa urahisi.

Mchoraji huchota tope hilo kwa kijiti cha mwanzi au kijiko cha chuma na kuchora juu ya nguo ya manjano. Kinyume na desturi ya wachoraji wengi, bingwa wa kimapokeo hachori umbo lenyewe. Hupaka tope pembezoni mwa umbo, akijaza mandharinyuma, na umbo hubaki lilivyo, la manjano. Tope linapoigusa tanini hubadilika rangi kutoka kijivu kwenda nyeusi. Nguo huanikwa, hufuliwa ili tope lililozidi litoke, hurudishwa katika maji ya majani, na hupakwa tope mara ya pili. Kurudia huku ndiko kunakoifanya nyeusi iwe nyeusi kweli.

3.4 Kupausha

Hatua ya mwisho ni kuyageuza maumbo ya manjano yawe meupe. Dawa ya kimapokeo ya kupausha hutengenezwa kwa karanga, pumba za uwele na magadi makali ya sabuni. Hupakwa kwa uangalifu juu ya kila mstari wa manjano, ambao hugeuka kuwa wa hudhurungi. Kisha nguo huachwa juani kwa muda wa wiki moja. Inapooshwa baada ya hapo, hudhurungi hutoka na weupe wa pamba huonekana tena.

Ni vyema kusisitiza jambo lililotokea. Nyeupe ya bogolani haikupakwa, imerudishwa. Mwanamke aliyechora pembezoni mwa umbo wiki kadhaa kabla alikuwa akilihifadhia jua nafasi yake ya kufanyia kazi.

4.0 Kazi ya Jua

4.1 Jua Lichoralo na Jua Likamilishalo

Ili kuona wazi nafasi ya jua katika bogolani, inafaa kuilinganisha na sanaa nyingine ya nguo na karatasi inayolitegemea jua kabisa, yaani sayanotaipu. Mbinu hiyo iligunduliwa na mwanasayansi wa Uingereza John Herschel mwaka 1842. Karatasi au nguo hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili zenye chuma na kukaushwa gizani. Kisha jani au kitu kingine huwekwa juu yake, na vyote hutolewa juani. Penye mwanga, miale ya urujuanimno hukibadilisha chuma, na baada ya kuoshwa kwa maji hubaki rangi ya buluu. Penye kivuli cha jani hubaki peupe. Mwaka 1843 Anna Atkins, naye wa Uingereza, alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kwa mbinu hiyo.

Sanaa hizi mbili zinafanana kwa kuwa zote ni sanaa za chuma kinachobadilishwa hali. Zinatofautiana katika mgawo wa kazi. Katika sayanotaipu jua ndilo mchoraji, na mtu hupanga vitu tu. Katika bogolani mkono ndio unaochora, na hewa ndiyo inayokamilisha weusi, kwani chuma kilichoyeyuka katika tope hukutana na tanini na oksijeni na kushikamana na uzi. Kemia hii ndiyo ile ile ya wino mweusi wa zamani uliotengenezwa kwa tanini na chumvi ya chuma. Jua la bogolani lina zamu tatu: kuupandisha umanjano upande mmoja, kukausha kila baada ya hatua, na kupausha mwishoni. Zamu hizi hazifanani. Mbili za kwanza hutegemea joto na ukavu wa hewa. Ya tatu hutegemea pia mwanga wenyewe, ambao kwa kushirikiana na magadi na oksijeni huivunja rangi.

4.2 Kitenzi Kuanika

Kiswahili kinatofautisha vizuri uhusiano wa mtu na jua. Anayejipatia joto asubuhi huota jua. Anayeumizwa nalo huchomwa au hupigwa na jua. Na anayetoa kitu nje ili jua likifanyie kazi huanika. Kitenzi hiki cha tatu kinabeba makubaliano fulani. Mwanikaji hufanya sehemu yake, yaani kutandaza, kugeuza, kulinda na kuanua, na jua hufanya sehemu iliyobaki. Anayeanika hulazimika kujua saa, upepo na dalili za mvua. Kwa hiyo kuanika ni maarifa, ingawa mara nyingi hakuhesabiwi kuwa hivyo kwa sababu ni kazi ya kila siku na, katika jamii nyingi, ni kazi ya wanawake. Bogolani inaonyesha kwamba kuanika kwaweza kuwa hatua ya kisanaa yenye uzito sawa na kuchora.

4.3 Javeli

Jua la kupausha lina mpinzani. Katika karakana nyingi za Bamako zinazotengeneza bogolani kwa ajili ya soko, dawa ya karanga na magadi imeachiwa nafasi na dawa ya klorini, inayojulikana kwa Kifaransa kama maji ya Javel. Weupe ambao ulihitaji wiki moja sasa hupatikana kwa muda mfupi sana.

Historia ya jina hilo inastahili kukumbukwa. Javel kilikuwa kijiji kando ya Paris, na huko ndiko dawa ya kupausha kwa klorini ilikotengenezwa miaka ya 1780, kufuatia uchunguzi wa mwanakemia Claude Louis Berthollet. Kabla ya hapo, watu wa Ulaya nao walipausha vitambaa vyao vya kitani kwa magadi na jua, wakivitandaza mashambani kwa wiki na miezi. Klorini ilivitoa vitambaa hivyo juani na kuviingiza kiwandani. Yaliyotokea Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 ndiyo yanayotokea Bamako kwa dawa ile ile na kwa jina lile lile. Faida ya haraka haiwezi kukanushwa. Hata hivyo klorini ikizidi huudhoofisha uzi wa pamba, na maji yake hayana budi kumwagwa mahali fulani.

5.0 Mikono Mingi

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bogolani ya kimapokeo hupitia kwa msokotaji, mfumaji, mshonaji, mchuma majani, mchota tope na mchoraji. Mchoraji naye hujifunza kwa mama au jamaa mkubwa, akianza kwa kujaza sehemu zilizokwisha kuzungushiwa mistari na bingwa. Kwa hiyo nguo moja yaweza kuwa na mikono ya vizazi viwili.

Ushirikiano huu ulipata sura mpya mwaka 1978, wasanii sita waliosomea sanaa mjini Bamako walipoanzisha kundi la Bogolan Kasobané. Wasanii hao ni Kandioura Coulibaly, Kletigui Dembélé, Boubacar Doumbia, Souleymane Goro, Baba Fallo Keita na Néné Thiam. Walikuwa wamefunzwa kwa rangi na turubai za kutoka ng'ambo, vitu ambavyo vilikuwa ghali na vigeni kwa mazingira yao. Walirudi vijijini kujifunza majani na udongo kwa wanawake waliokuwa wakiijua kazi hiyo, wakaongeza aina za rangi zinazotokana na mimea na ardhi, na wakatengeneza michoro mikubwa ya ukutani pamoja na mavazi ya michezo ya kuigiza na filamu. Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba kazi zao zilitolewa kwa jina la kundi. Katika taaluma ambayo sahihi ya msanii mmoja ndiyo hupandisha bei, uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kifalsafa. Ulikubali kwamba kazi iliyopitia katika mikono mingi, pamoja na jua na tope, haina mwenyewe mmoja.

Boubacar Doumbia baadaye alianzisha karakana ya Ndomo mjini Ségou, ambamo vijana hufunzwa kazi kwa kufuata roho ya chama cha jadi cha jando chenye jina hilo. Katika uwanja wa mavazi, mbunifu Chris Seydou (1949–1994) aliishona bogolani katika mitindo ya kisasa na kuifikisha katika majukwaa ya Ulaya. Mafanikio hayo yalileta mahitaji makubwa, na mahitaji yalileta mabadiliko. Mjini Bamako watengenezaji wengi sasa ni vijana wa kiume, na wapo wanaotumia karatasi zilizokatwa maumbo ili kurudia nakshi ile ile kwa haraka. Nyeusi sasa ndiyo inayopakwa kama umbo, na ile desturi ya kuchora pembezoni ili kulihifadhia jua nafasi yake imepungua.

6.0 Mabadiliko ya Tabianchi

6.1 Kalenda ya Kazi

Kwa mtazamo wa haraka, sanaa inayolihitaji jua haina la kuogopa katika dunia inayozidi kupata joto. Mtazamo huo unakosea, na kosa lake linaonekana mara tu kalenda ya kazi inapochunguzwa. Kusini mwa Mali mvua hunyesha hasa kati ya Juni na Septemba. Huo ni wakati wa kilimo, na ndio wakati ambao vidimbwi hujaa na miti huchipua. Kiangazi kinachofuata ndicho wakati wa nguo: mavuno yamekwisha, mikono imepata nafasi na hewa ni kavu. Pamba yenyewe ni zao la mvua. Hivyo basi kila nguo inayoanikwa kiangazi ni tunda la masika yaliyotangulia. Jua huweza kufanya kazi yake kwa sababu mvua ilikwisha kufanya yake.

6.2 Kuvurugika kwa Zamu

Saheli ilipata ukame mkali kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na tena katikati ya miaka ya 1980. Tangu miaka ya 1990 mvua zimerejea kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa zaidi ya mvua hizo huja kwa vishindo, yaani dhoruba chache zenye maji mengi. Matukio ya mwaka 2024 yanatoa mfano wa pande zote mbili. Tarehe 3 Aprili mwaka huo mji wa Kayes, magharibi mwa Mali, ulifikia nyuzijoto 48.5 za Selisiasi. Uchunguzi wa wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution ulihitimisha kwamba joto la kiwango hicho lisingetokea pasipo mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu. Miezi michache baadaye, mwezi Agosti, mafuriko yalisababisha serikali kutangaza hali ya maafa nchini.

Athari za hali hiyo kwa bogolani zaweza kupangwa katika makundi manne, kwa kufuata hatua zilizoelezwa hapo juu.

Kwanza ni tope. Kidimbwi kinachokauka mapema hakimpi udongo muda wa kukaa chini ya maji pamoja na majani yanayooza, na mafuriko ya ghafla hukokota tope la zamani na kuacha mchanga. Kwa kuwa tope huwekwa akiba kwa muda mrefu, mwaka mmoja mbaya huonekana katika nguo za mwaka unaofuata.

Pili ni miti. N'galama na cangara hutoa majani ya rangi, na pia hutoa kuni na mkaa mzuri. Mavuno yanaposhindikana, kaya hutafuta fedha katika mkaa. Mti unaokatwa kwa sababu ya njaa ya msimu mmoja huondoka pamoja na majani ya misimu mingi.

Tatu ni maji. Bogolani hufuliwa na kuoshwa mara nyingi. Kiangazi, wakati jua lina nguvu zaidi, ndipo visima huwa vimeshuka zaidi. Familia inayopaswa kuchagua kati ya maji ya kunywa na maji ya kufulia tope haina la kujiuliza.

Nne, na yamkini hili ndilo kubwa zaidi, ni mikono. Joto la Machi hadi Mei ndilo kali kuliko yote ya mwaka, na ndilo linalozidi kupanda. Nguo yaweza kuachwa juani saa saba mchana, lakini mtu hawezi. Kazi ya kuchora inayohitaji utulivu wa saa nyingi husukumwa kwenda alfajiri na jioni, saa ambazo tayari zina majukumu ya kuteka maji na kupika. Hata tope lenyewe huathirika, kwa sababu kushikamana kwa chuma na tanini hufanyika katika unyevu. Likikauka upesi mno, kazi hukatizwa kabla ya kukamilika. Jua likizidi si kwamba kazi imezidi. Mshiriki anayeharakisha zamu yake huwaharibia wenzake zamu zao.

6.3 Njia za Kukabiliana

Katika hali hiyo ni rahisi kuona kwa nini javeli huvutia. Huondoa wiki ya kungoja na hatari ya dhoruba kulikuta kazi nje. Mwenye karakana anayeichagua hafanyi hivyo kwa kuudharau urithi wake. Amepiga hesabu. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Kila hatua inayotolewa juani huwatoa pia watu waliokuwa na ujuzi wake. Anayejua ni siku ngapi nguo ikae nje, na ni wingu lipi la kuogopwa, hana tena cha kufundisha. Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo lina maana ya kiuchumi hapa: kinachoitofautisha bogolani na vitambaa vya kiwandani vinavyoiga nakshi zake ni mchakato wake.

Njia nyingine hutokana na ushirikiano wenyewe. Kupanda n'galama karibu na karakana, kuhifadhi tope la miaka ya mvua nzuri, kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kuoshea, na kupanga zamu za kuchora kivulini huku nguo peke yake zikiachwa juani ni mambo ambayo mtu mmoja hayamudu, ila kundi laweza. Hapa ndipo mfano wa Kasobané na wa Ndomo unapopata thamani mpya. Kundi lililoanza kama njia ya kushirikiana sifa laweza kuwa njia ya kushirikiana hasara, na katika tabianchi isiyotabirika kugawana hasara ndiko kunakoiwezesha kazi kuendelea msimu ufuatao.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bogolani ni sanaa ya zamu. Mvua hukuza pamba na majani, kidimbwi hulea tope, mikono husokota, hufuma na huchora, na jua huipa nguo uso, huikausha na kuurudisha weupe wake. Mabadiliko ya tabianchi hayaipunguzii Mali jua. Yanazigonganisha zamu hizo, na hivyo kumtenga mshiriki mmoja na wengine. Kwa maana hiyo swali la kuihifadhi sanaa hii haliishii katika kuhifadhi nakshi makumbushoni, kwani nakshi ni alama tu ya makubaliano yaliyofanyika kati ya watu na msimu.

Jina jua kali, lililotajwa mwanzoni, linamwelezea fundi asiye na paa. Mchoraji wa bogolani kwa karne nyingi hakulihitaji jina hilo, kwa kuwa jua lilikuwa mwenzake wa kazi. Katika nyuzijoto 48 huenda akalihitaji. Kwa wanafunzi wa sanaa na lugha, badiliko hilo dogo la maana, kutoka jua la kuanikia hadi jua la kukimbiwa, laweza kuwa kipimo cha jambo ambalo takwimu za joto peke yake hazilisemi.